Nyumba ni ya kitinda mimba mpaka anapokuja mnunuzi

Admin, jina langu usiliweke. Watu wa Hanang watanijua tu, maana hoteli ya mawe yenye dohani tatu huku iko moja, lakini tuheshimiane.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mtoto wa mwisho kwa mama yangu. Nyumba ilijengwa na mzungu aliyelima ngano. Alipoondoka, marehemu baba akainunua akaifanya hoteli. Zamani walilala madaktari wanaokwenda hospitali ya Haydom na wageni wa kupanda mlima. Siku hizi wanalala kwenye lodge mpya za vigae. Kwetu maharusi huja kupiga picha kwenye ngazi, wakishamaliza wanaenda kula kwingine. Mgeni wa mwisho kulala alikuwa muuza dawa za mifugo, na alilala na koti.

Kwa mila zetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na wazazi wenyewe. Kaka na dada zangu wakaondoka kutafuta maisha, mimi nikabaki nahamisha ndoo kufuata mahali paa linapovuja. Mwaka jana upepo ulipoondoa mabati ya upande wa jikoni nilimpigia kaka yangu mkubwa. Akacheka: "Si nyumba yako hiyo? Mila zinajulikana. Ezeka, bwana."

Nikaezeka, upande mmoja.

Mwezi uliopita kaka akaleta mnunuzi, dada mmoja mpole kutoka Arusha. Akamkuta mama barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kulala au kununua?"

"Kuangalia tu, mama."

"Angalia. Ila hapo usikanyage, utashuka mpaka stoo."

Yule dada akapapasa ufa wa ukutani kama anayempapasa ndama. "Mama, hii ni historia kabisa."

"Ndiyo," mama akasema, "na mvua ikinyesha inalowa."

Yule mnunuzi hakukimbia. Atanunua, atakarabati kila kitu, ila anataka nyumba iwe tupu. Mimi ananitaka nibaki niwe mpokea wageni, kwa kuwa najua habari za nyumba. Nitapewa sare na chumba cha wafanyakazi, cha mtu mmoja.

Nikamwambia kaka, "Hii nyumba si mlisema ni yangu?"

"Mdogo wangu, acha ubinafsi. Hii ni mali ya familia, tutagawana."

"Na mama ataenda wapi?"

"Mama anakaa na kitinda mimba. Mila ni mila."

Yaani nyumba ni yetu sote, mama ni wangu peke yangu. Jumapili baada ya ibada kuna kikao cha ukoo, na mnunuzi amesema bila mimi kukubali hanunui.

Nilijiandaa kukataa. Nikamfuata mama jikoni, nikamwambia kwa sauti ya kiume kabisa: "Mama, siuzi. Siwezi kukutoa kwako."

Akaendelea kumenya viazi. "Kwangu wapi? Hii baridi aliipenda baba yako. Mimi nimewasha moto humu miaka yote na miguu haijawahi kupata joto. Nipangishie vyumba viwili pale sokoni, au nipeleke kwa mdogo wangu kule Gendabi, nitakaa. Ukitaka kubaki baki, wewe ni mtu mzima. Ila usiende kwenye kikao kusema ni kwa ajili ya mama."

Ndugu zangu, nimechoka. Tangu siku hiyo nazunguka vyumbani nafungua madirisha, nayafunga. Nikiuza, kaka zangu wameshinda na mimi nabeba mabegi ya wageni kwenye nyumba niliyoezeka. Nikikataa, nabaki na dohani tatu, na sijui kama naipenda nyumba hii au nimeizoea tu kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mngekuwa mimi, Jumapili mngesema nini? Nipeni ushauri, hata wa kunigombeza. Msiniambie tu nimuulize mama. Mama ameshajibu, aliyebaki ni mimi.