Kisima cha Dobi

Kazini walimwita Bi Chupa, maana humwoni bila boksi lake la chupa za sampuli. Kazi yake katika ofisi ya maji ilikuwa kuchota, kubandika lebo na kupeleka maabara. Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa na kaka yake. Kaka huyo alikuwa dobi. Alichimba kisima uani kwa mikono yake mwenyewe, akafua nguo za watu, na kwa jasho hilo akamsomesha mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita Dobi, hata marehemu mkewe.

Shida ilianzia kwenye mashati. Mteja mmoja alirudi na furushi lake, akalibwaga mezani.

"Dobi, umefua au umekaanga? Nikipita karibu na jiko na shati hili, si nitawaka?"

Watu walicheka, na Dobi naye akacheka. Akazifua nguo upya, akazisuuza, akazianika juani kutwa. Harufu ya petroli haikubanduka. Wateja wakaanza kupukutika, na maneno ya chinichini yakaenea kwamba Dobi anatolea madoa petroli ili abane sabuni. Hapo ndipo kicheko kilipomwisha. Akampigia mdogo wake simu.

"Njoo unitazamie maji yangu. Na usije mikono mitupu kama mgeni, njoo na vyombo vyako."

Bi Chupa alishusha chombo kisimani kwa kamba, akakivuta. Harufu ya petroli ilimpanda puani kabla chombo hakijafika ukingoni, na juu ya maji palitanda utando mwembamba, ukimetameta rangi rangi.

"Umekuwa ukiyanywa, Kaka?"

"Kwani nina mengine?"

Bi Chupa akageuza uso, akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa.

Maabara ilipothibitisha, uchunguzi ukaanza. Juu ya mtaa, kwenye mwinuko, kulikuwa na kituo cha mafuta cha zamani. Bi Chupa na wenzake walitoboa mashimo kutoka uani kwa Dobi kuelekea huko, wakashusha mabomba membamba, wakapima maji ya kila shimo. Kadiri walivyopanda, ndivyo harufu ilivyokolea. Kituoni wakafukua tangi lililozikwa ardhini, wakalikuta limeliwa na kutu tumboni. Mafuta yalikuwa yamedondoka kidogo kidogo kwa miaka, yakazama hadi kwenye maji ya chini, nayo maji yakayabeba kimyakimya hadi kwa watu. Mwenye kituo aliapa kwamba hakujua. Huenda alisema kweli, ila kutojua kwake hakukumrudishia Dobi kitu.

Amri ikatoka: kisima kifungwe. Mkuu wa ofisi ya maji alikuwa tayari kumtuma mtu mwingine, lakini Bi Chupa aliona afadhali kufuli litiwe na mkono wa ndugu. Alimkuta Dobi ameketi juu ya beseni lililofudikizwa, akiwatazama mafundi wakilaza mfuniko wa chuma.

"Mdogo wangu, nilikusomesha kwa maji haya," alisema taratibu. "Leo umekuja kuyafunga."

"Tutayasafisha, Kaka."

"Lini?"

Bi Chupa alijua ni miaka. "Itachukua muda."

"Haya. Fanya kazi yako."

Malori yakazoa udongo uliolowa mafuta. Mashine zikawa zinavuta maji machafu, zinaengua mafuta yaliyoelea, zinayapitisha maji kwenye mkaa wa kuchujia, huku nyingine zikipuliza hewa ardhini. Boza lilileta maji mtaani, ya kunywa na kupikia tu. Dobi bila maji ni mkulima bila shamba. Alijaribu kupiga pasi nguo zilizofuliwa kwingine, akachoka, akahamia kwa binti yake upande wa pili wa mji.

Huko ndiko ugonjwa wa damu ulikomlaza. Bi Chupa alimuuliza daktari kama ni yale maji.

"Siwezi kukwambia ndiyo," daktari alijibu, "wala siwezi kukuapia hapana."

Jibu hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila alipokwenda kumjulia hali kaka yake walizungumza habari za majirani, za mvua, za wajukuu. Kisima hakikutajwa. Naye akaamini kwamba kaka yake ana kinyongo, na kwamba ana haki nacho.

Dobi alifariki asubuhi moja, akiwa usingizini. Baada ya maziko, binti yake alikuwa akiosha vyombo, Bi Chupa akivifuta.

"Shangazi, yale maji yameshasafika?"

"Bado, mwanangu."

"Baba alikuwa akiniuliza kila ukiondoka. 'Shangazi yako kasemaje kuhusu kisima?'"

"Mbona mimi hakuniuliza hata siku moja?"

"Alisema akikuuliza, utadhani anakulaumu."

Bi Chupa, aliyejikaza makaburini, aliketi pale pale sakafuni jikoni na kitambaa mkononi, akalia hadi sauti ikamkauka.

Juma lililofuata alirudi kuchota sampuli. Majibu yalipotoka, maji ya upande wa kina Dobi yalikuwa yameanza kutakata. Mwenzake akampa mkono wa hongera. Bi Chupa alishukuru, kisha akaenda kusimama peke yake nyuma ya mashine, maana habari ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hayupo.