Makomeo Mawili ya Hinterschwand

Dorli Wüthrich aliandikishwa katika chama cha kulenga shabaha cha Hinterschwand, bonde la Emmental, tarehe 4 Aprili 1987, mwanamke wa kwanza kwenye daftari hilo. Sasa ana miaka sitini na minane, amestaafu kazi ya kiwanda cha jibini, na bado anatumia karabini, bunduki fupi ya kijeshi, ambayo baba yake, Fritz, alikabidhiwa na jeshi mwaka 1951 na kuruhusiwa kubaki nayo.

Mwaka huu chama kinatimiza miaka mia moja, na bunduki kongwe za wanachama zitawekwa kwenye kabati la kioo. Sharti ni namba za vyuma vyote zilingane. Ya Fritz ilikataliwa. Bunduki ni 871304. Komeo lake, chuma kile kinachovutwa nyuma ili risasi iingie, ni 871306.

Dorli hakuhitaji mpelelezi. Hapa watu wakimaliza kulenga husafisha bunduki pamoja kwenye meza moja ndefu, makomeo yamechomolewa na kulazwa juu ya matambara, chupa ya mvinyo mweupe inazunguka. Namba 306 ilikuwa ya marehemu Gfeller, aliyeingia jeshini siku moja na Fritz. Siku fulani, hakuna anayejua ipi, kila mmoja alibeba komeo la mwenzake. Bunduki ya Gfeller sasa anayo mwanawe, Hansueli, seremala, bingwa wa kijiji mara sita.

"Hulipati ng'o," Hansueli alimwambia Jumamosi iliyopita, mdomo umejaa soseji. "Komeo hili limenipa ubingwa mara sita."

"La baba yangu hilo."

"Mbona yeye hakupata hata mmoja?"

"Angepataje, na takataka ya baba yako ndani ya bunduki?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Dorli hakucheka sana. Orodha ya kabati ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni hiyo. Akaliweka komeo lake mbele ya sahani ya Hansueli.

"Risasi kumi tu, kwa hili. Ukishuka chini ya themanini na nane zako za kawaida, sikusumbui tena mpaka nife."

"Na nikipanda?"

"Utanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu ubatizwe."

Fundi bunduki wa chama aliyapima makomeo, akayapachika, akaitikia kwa kichwa. Hansueli akalala kifudifudi. Mita mia tatu mbele, mtu aliyekaa shimoni chini ya shabaha akawa anainua kibao kuonyesha kila risasi ilipopiga. Tisa. Kumi. Nane. Kumi tena. Jumla ya zote kumi, tisini na moja.

Hansueli aliinuka, akapangusa magoti, asiseme neno.

"Jamani, kanyamaza!" mtu akapiga kelele. "Mpigeni picha!"

Dorli naye akalala chini na bunduki ya baba yake, nzima sasa. Akapata sabini na nne, sita pungufu ya kawaida yake.

"Dada Dorli, leo utasingizia nini?" Hansueli akauliza, sauti imemrudia.

"Miwani," akasema, na safari hii alicheka mpaka akashika meza.

Katibu aliandika bunduki zote mbili saa kumi na dakika arobaini. Kabati litafunguliwa Jumapili ya tatu ya Agosti, baada ya ibada, nazo zitakaa rafu moja.