Mfungo Ambao Hakuna Aliyeutangaza

Alizaliwa Mette Poulsdatter mwaka 1821, wilayani Thy, Denmark, binti wa mchonga viatu vya mbao. Aliolewa na Laurs Thøgersen, kibarua wa mashamba, mtu mpole asiyejua kukataa, wakajaliwa binti mmoja, Sidsel. Mwaka 1853 Mette aliwasikia wamishonari wa Watakatifu wa Siku za Mwisho, kanisa la Amerika lililowaita waumini wake Utah, Sayuni yao, akabatizwa mtoni kukiwa na barafu, na mumewe akamfuata. Majirani waliwavunjia madirisha. "Haya, nenda hiyo Sayuni yako!" mmoja alimzomea. "Ukifika utuletee tonge!" Mette akamjibu, "Nitakula na la kwako." Hakuwa mtu wa kumeza neno, na hilo mlikumbuke.

Mwaka 1857 walijiunga na msafara wa mikokoteni kuvuka nyika za Amerika kwenda Utah. Ng'ombe wa kukokota hawakuwapo. Watu walikokota wenyewe. Wadenmark walikuwa arobaini, Waingereza sitini, na kiongozi alikuwa Ndugu Orrin Peddicord, Mmarekani mwenye sauti ya radi asiyejua neno hata moja la Kidenmark. Mette alikabidhiwa magunia ya unga ya Wadenmark, apimie kila mtu kikombe kimoja kwa siku. Sidsel, mwenye miaka minane, alishinda na watoto wa Kiingereza mpaka akaidaka lugha yao.

Mwezi wa Oktoba, karibu na mto Sweetwater, theluji ilianza kuonekana milimani. Ndugu Peddicord akapita kando ya mikokoteni akipaza sauti, "Fasti! Fasti!" Kwa lugha yake alikuwa akisema upesi. Kwa masikio ya Wadenmark lilikuwa neno la kufunga chakula. Nao walikuwa watu wa kufunga kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na chakula walichojinyima kikaenda kwa mhitaji. Kiongozi katangaza mfungo, nani abishe? Watu wazima wote wakaacha unga wao guniani, wakakokota. Kesho yake akapaza sauti tena, nao wakafunga tena. Watoto tu ndio waliokula.

"Huyu bwana atatufikisha mbinguni kabla ya Utah," Laurs alitania siku ya pili. Asubuhi ya tatu alianguka mbele ya mkokoteni wao, mikono bado imeshika mti wa kukokotea. Alikuwa amekufa.

Ndugu Peddicord alikuja mbio. "Alikula nini huyu?" aliuliza, na Sidsel akatafsiri.

"Hakula. Tumefunga," akajibu Mette.

"Mmefunga? Nani kawaambia mfunge, jamani?"

"Si wewe?"

Ee Mungu wangu! Mtu yule alipauka, akapiga magoti kwenye theluji akalia mbele ya watu wote.

Siku hiyohiyo dhoruba ikawazuia njiani, na baada ya siku mbili unga wa Waingereza ukaisha. "Basi na wale hizo kelele zao za fasti!" walisema baadhi ya Wadenmark. Mette akashika mdomo wa gunia. "Unga wa mfungo ni wa mhitaji," alisema. "Laurs hakufa na njaa ili tuwatazame wengine wakifa nayo." Akawapimia wote mia siku nne, mpaka waokoaji walipofika kutoka Utah. Watu wakasema gunia lilikataa kuisha. "Limekataa wapi?" aliwajibu. "Nilipunja kikombe."

Walifika Utah, wakaishi bonde la Sanpete. Kila Alhamisi Ndugu Peddicord alikuja kumpasulia kuni, haombi hata maji. Alijiita muuaji, na mkewe alisema usiku hapati usingizi. Wasichana wengi wa bonde lile waliitwa Mette.

Alhamisi ya mfungo, tarehe 7 Novemba 1889, katika ibada ya kutoa ushuhuda, Mette alisimama. Watu wakajiweka sawa kusikia habari za gunia.

"Nilijua," alisema. "Siku ya pili niliambiwa neno lile maana yake ni upesi. Nikautazama unga, nikaitazama milima, nikaona hautatuvusha, nikanyamaza. Nilidhani siku moja zaidi haitamuua mtu."

Jamani! Mama wa bonde letu! Kuna mzee aliyeuliza kwa hasira, "Nani alikwambia?" Mette akakataa kumtaja. Ndipo Sidsel, mwanamke wa miaka arobaini sasa, akainuka kwenye benchi la nyuma. "Ni mimi. Mama akaniambia, nyamaza. Nikanyamaza mpaka leo."

Ndugu Peddicord akasimama. "Dada Mette," alisema polepole, "ningejua, ningelala usingizi." Akatoka nje. Hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo wa kufunga ibada.

Alhamisi iliyofuata Mette alisikia shoka uani. Akatoka bila shali. "Ndugu Orrin, acha. Huna kosa."

"Najua," alisema yule mzee, akaweka gogo lingine. "Lakini baridi haijaisha."

Mette aliingia ndani, akarudi na mkate wa moto, nao wakala wamesimama, wakilia wote wawili. Alifariki Februari 1890, na Ndugu Peddicord ndiye aliyemchimbia kaburi.

Nanyi waaminifu, msijisumbue na gunia. Siku ya mfungo ikifika, na kama kuna neno ulilolimeza zamani, simama ulitoe kabla hujala.