Taa Chini ya Gunia

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri walipogonga mlango wangu hapa Bunia kuniambia kwamba lori limemgonga Pascal, mdogo wangu. Lakini wewe, mwanangu, umenijia ukitaka nikufundishe kutengeneza taa ya baiskeli unayosukumia mzigo. Basi nianze na taa.

Chukua kopo la nyanya, ulisugue ndani kwa mchanga mpaka ling'ae. Toa vitaa kwenye tochi ya Kichina iliyokufa. Betri za redio, waya, kipande cha kikombe chekundu cha plastiki cha kufunika mdomo wa kopo, na ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu wa kufungia. Naitengeneza hivyo mpaka leo. Kopo halikuwa na kosa.

Pascal alikuwa akileta makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka upande wa Aveba, akisukuma baiskeli gizani ili aingie sokoni kabla jua halijatoka. Mama alikuwa hapati usingizi kwa kumhofia siku hizo, ndiyo maana nikamtengenezea Pascal taa ya nyuma. Sokoni waya hupimwa kwa mkono. Nilinunua mkono mmoja, unaotosha kutoka kwenye betri mpaka chini ya kiti.

"Yaya, kamata mbili," Pascal akaniambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Hii iko fupi."

"Moja inatosha. Nimepima."

Akacheka mbele ya muuza waya. "Injeniere ya makopo! Sawa, weye ndiye unajua."

Jioni nilimtuma aende na baiskeli hadi mwisho wa barabara yetu, nami nikasimama mlangoni nikitazama. Taa ilionekana vizuri, nyekundu, mpaka alipokata kona. Niliridhika sana. Na baiskeli ilikuwa tupu, mwanangu. Hapa kwetu, nani anasafiri usiku na baiskeli tupu?

Alfajiri ile nilipofika barabarani walikuwa wamekwisha kumfunika kwa kitenge. Dereva wa lori alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani.

"Sikuona kitu, papa," aliniambia. "Naapa. Niliona giza tu."

Nilimtukana. Nilimwambia nimeweka taa kwa mikono yangu, kwamba ni mwongo. Kisha wanaume wakaanza kuondoa magunia ya makala yaliyofungwa juu ya kiti na kuning'inia hadi nyuma ya gurudumu. Walipoinua la mwisho, taa ilikuwa chini yake. Ilikuwa inawaka.

Kwenye matanga alikuja muzee Dheda, aliyesukuma makala katika njia ile kabla sisi hatujazaliwa. Aliomba aione taa. Akaigeuzageuza, akaiwasha, akaizima.

"Mutoto, hii uliitengenezea kinga ao muzigo?"

"Kinga, muzee." Ndivyo tunavyoiita baiskeli.

"Ulisimama nyuma ya muzigo, pale dereva anatokea?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

Alinirudishia taa mkononi, akaenda kukaa na wenzake. Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Tangu hapo nimetengeneza taa nyingi, na sichukui kitu kwa wasukuma makala. Usidhani nakwambia ili nijisifu. Bado wanagongwa. Wengine huzima taa ili betri zisiishe, wengine huziuza chakula kikikosekana nyumbani, na malori mengine nayo hayana taa hata moja. Nikihesabu ninaowajua waliokufa wakiwa na taa yangu, naacha kuhesabu. Sijui kama nimemwokoa mtu.

Hata hivyo nitakufundisha, kwa kuwa umeuliza. Usipime taa kwenye baiskeli tupu. Pakia kwanza magunia yote, kama yatakavyokuwa njiani, ndipo ufunge taa mwisho kabisa, nyuma ya mzigo. Kisha mpe mwingine baiskeli aishike, urudi nyuma kwa miguu yako gizani, utazame kama dereva atakavyotazama. Na ukimtengenezea mwingine, naye akikwambia waya ni mfupi, msikilize, hata kama amekucheka.

Mungu akufikishe sokoni, mwanangu, na akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima. Na siku utakaposimama mbele ya muuza waya ukisita kuongeza mkono wa pili, kumbuka nilichookoa mimi: faranga mia mbili.