Marejea Ambayo Mama Hakuyakata

Ganda la marejea likikauka, mbegu huachia ndani yake, na upepo ukipita hulia chakacha, chakacha, kama mtu anayetikisa kiberiti ajue kama kimebaki na njiti. Nikiusikia mlio huo mkono wangu husimama, hata niwe na kazi gani. Wenzangu hukumbushwa utoto na harufu ya maandazi. Mimi nimepewa huu.

Tuliishi Kisongo, upande ule wa uwanja wa ndege, ambako vumbi ni letu na mvua ni ya watu wa mlimani. Mama alikuwa Mwarusha, binti wa wafugaji wa hukohuko. Baba alikuwa Mchaga, fundi wa kuchomelea mageti kule Ngarenaro, na jioni shati lake lilinuka chuma. Ni yeye aliyetuletea marejea, mimea ya kurutubisha udongo. Aliyapanda nyuma ya jiko, mahali ambapo sukuma wiki ilikuwa imekataa kuota, akasema udongo nao huchoka kama mtu. Yalipochanua, manjano tupu, akayakata yote na kuyafukia. Niliyalilia maua yale. Baba akacheka, akaniambia nisubiri, na kweli, mvua iliyofuata sukuma ilinenepa hadi majirani wakaja kuomba.

Kisha Baba akafa. Kifua kilimbana, na kabla hatujaelewa ni nini, hayupo. Mchaga hazikwi ugenini, kwa hiyo ndugu zake wakaja na gari, tukampeleka kwao Kilimanjaro, akazikwe mgombani. Nilikuwa mdogo, lakini foleni ya kutupa udongo naikumbuka vizuri. Walitupa wazee, wakatupa mashangazi, nikatupa mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama sikumwona. Walikuwa wamemweka chumbani, wanawake wamekaa mlangoni, kwa sababu ukoo ulishasema kwamba ni yeye aliyemla mume wake. Hilo nilikuja kuambiwa nilipokua. Siku ile nilidhani Mama amelala.

Tuliporudi Kisongo hakuketi hata kunywa maji. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya jiko, akainua tuta peke yake. Lilikuwa tuta refu, jembamba, limeelekea jua linakochomoza. Akalipanda mbegu za Baba zilizobaki kwenye kopo.

Yalipochanua, jirani yetu Mama Upendo akaja. Huyu mama alihudhuria semina ya kilimo kanisani, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

“Mama Neema, yakate sasa,” akasema. “Yakishakomaa yanakuwa kuni, mbolea hupati tena.”

“Nimesikia, dada,” Mama akajibu, wala hakukata. Yakakomaa, yakakauka, yakaanza kuchakacha usiku kucha. Msimu uliofuata akapanda mengine palepale, na mwingine vilevile. Mama Upendo akachoka kushauri, akaanza kusema pembeni, kwa sauti ya kutosha, kwamba kuna watu wanapenda maua kuliko ugali. Nami nilimwonea Mama aibu. Tulinunua mboga sokoni, huku tuta zuri kuliko yote uani linakaliwa na maua ya porini! Na ole wako ulikanyage. Mama hakuwa mtu wa kupiga, lakini kwa tuta lile alikuvuta sikio mpaka ukaona nyota. Kiangazi, maji yakiwa ya kugombania na mbuzi, marejea hayakukosa fungu lao.

Desemba ndipo palipouma. Mnaijua Arusha ya Krismasi: Wachaga wamepanda kwao, nusu ya maduka yamefungwa, mji umebaki na mbwa. Shuleni wote waliulizana wanaenda nyumbani lini. Sisi wenye jina la Kichaga tulibaki na vumbi letu. Siku moja nikamwambia Mama kwamba mwacha asili ni mtumwa, methali niliyokuwa nimeisikia darasani. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. “Asiyefunguliwa mlango hajaacha kitu, mwanangu,” akasema.

Krismasi moja akaja Baba Mdogo, yule anayemfuata Baba, na pikapu na kofia ya pama. Mimi nikampa shikamoo ya haraka, maana nilijua amekuja kutuchukua. Nikakimbilia viatu.

“Shemeji,” akasema, “watoto waje waone kaburi la baba yao. Ni watoto wa ukoo.”

“Na mimi?”

Baba Mdogo akatazama chini. “Wazee hawajapoa bado.”

“Basi wataenda siku nitakayokwenda nao.”

Nilimchukia Mama siku ile, niseme ukweli. Baba Mdogo akapandisha sauti, akasema mtoto asiyelijua kaburi la baba yake ni mtoto wa barabarani. Mama aligeuka akaelekea nyuma ya jiko, shemeji yake akamfuata bado anafoka, nami nikafuata na viatu vyangu vya kanisani. Marejea yalikuwa yamechanua yote. Baba Mdogo akakatika katikati ya neno. Akalitazama tuta toka ncha hii hadi ile, halafu akavua kofia. Akaondoka bila chai na bila sisi. Nilidhani jua limempiga. Miaka mingi hakurudi, wala hatukuitwa.

Mama alifariki mwaka jana. Hakuwa ametuachia neno la mahali pa kumzika, na vijana wa kuchimba walisubiri na majembe yao huku wajomba wakisema huku na mdogo wangu akisema kule karibu na geti. Baba Mdogo alikuwapo, mzee sasa, anatembelea fimbo. Akainuka kwenye kiti bila kuulizwa, akajikongoja hadi nyuma ya jiko. Tulipomfikia alikuwa ameshavua kofia.

“Chimbeni hapa,” akasema, “kando ya mume wake.”

Hapo ndipo nilipolielewa tuta. Mama alikuwa amemzika Baba upya, bila mwili, kwa mikono yake, kwa kuwa kule walimnyima hata ukufi wa udongo. Na nani alime sukuma juu ya kaburi la mume wake? Mama Upendo, ambaye macho hayaoni vizuri siku hizi, alilia kuliko sisi.

Nilimshika mzee mkono asianguke, na papo hapo nilikuwa nimemkasirikia mno. Alijua tangu Krismasi ile. Angeweza kurudi kwao akawaambia wazee alichokiona. Au basi, angemgeukia Mama palepale, marejea yamechanua, akamwambia hayo maneno machache. Mama angeyabeba maisha yake yote. Ameyasema sasa, na jeneza limeshafungwa.