Nani Alimpa Koti Lile?

Mama aliyenifundisha fasihi sekondari, kule Marangu, ametutoka. Jirani yake alinipigia simu asubuhi nikiwa kwa fundi viatu hapa Moshi mjini, na kabla hata sijamwambia pole nilisikia sauti ya marehemu masikioni: "Ametutoka kwenda wapi? Sema amekufa." Haya basi, wasomaji wangu, amekufa. Tangu siku hiyo sauti ile haijaniachia. Nikishika kalamu tu, ipo.

Msidhani alichukia tamathali za semi. Zamani hakuna aliyezipenda kama yeye. Tashbihi alitufundishia jikoni kwake, tukinywa mtori, ile supu nzito ya ndizi: "Mzito kama nini?" Mmoja wetu akasema kama uji, akaambiwa hajawahi kunywa mtori wala uji. Sitiari, alisema, ni tashbihi iliyokosa subira, imeliruka neno "kama". Lakini kipenzi chake kilikuwa tashihisi, ile ya kukipa kitu tabia za mtu. Alikuwa akitutoa nje ya darasa na kutuonyesha mlima. "Leo umeamkaje?" Tukajibu umenuna, umejifunika shuka, unatuonea haya. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Halafu mwanawe wa pekee akaenda kubeba mizigo ya wageni mlimani, kazi ya vijana wengi wa kwetu, akafia juu kwa baridi. Siku ya mazishi, pale kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba, msimamizi wa safari ile, mtu wa kijiji hichohicho, alisimama kutoa pole. Akasema, "Mlima umemchukua kijana wetu." Watu wakatikisa vichwa kukubali, maana huku ndivyo tusemavyo. Mwalimu akainuka kwenye kiti, taratibu kabisa.

"Baba, mlima hauna mikono," alisema. "Koti aliloshushwa nalo limechanika mgongoni. Nani alimpa koti lile?"

Msimamizi akaketi. Mchungaji akaanzisha wimbo, na njiani kurudi watu wakanong'ona kwamba uchungu umemzidi. Mdogo wangu, aliyekuwa mwanafunzi wake wakati huo, baadaye aliandika kwenye zoezi kwamba mlima ulimmeza mpagazi. Alipewa alama zote, kwa sababu tashihisi ilikuwa sahihi, ila pembeni kukawa na maneno ya wino mwekundu: "Nani alimtuma?"

Maneno hayo yananisumbua mimi ninayekula kwa kalamu. Sisi waandishi tunasema barabara imeua, mto umebomoa nyumba, bei zimepanda, kana kwamba barabara ilijichimba mashimo yenyewe na bei zilijipandia ngazi. Inasomeka vizuri. Aliyehusika naye anaisoma akinywa chai yake, wala hashtuki.

Mara ya mwisho nilimkuta barazani amekaa peke yake, kiti amekielekeza kilele cha Kibo. Kwa miaka alikuwa akikaa ameupa mlima mgongo. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kulikoni leo ameugeukia. "Nimechoka kumngoja mtu," akasema. "Huu angalau nikiuuliza, haukimbii." Tulikaa hivyo mpaka mawingu yakaufunika.

Tumemzika ubavuni mwa mwanawe. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na maua yamewekwa, pale mzee mmoja alipoomba kipaza sauti. Alikuwa yule msimamizi, nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakusema na sisi. "Mwalimu, nimekuja kukujibu," alisema. "Koti nilimpa mimi. Niliona limechanika. Nikamwambia litafaa tu." Akabaki akilitazama kaburi, kama mwanafunzi anayengoja kusahihishwa, mpaka mtu akamshika mkono na kumkalisha.

Jioni ile mvua ilinyesha, na ningependa sana kuwaandikia kwamba mlima ulilia. Sauti ile imenikataza. Tamathali ni tamu, itumieni, fundisheni watoto wenu. Lakini palipo na mtu aliyeumizwa, mtajeni kwanza aliyemuumiza, na mumtaje mapema. Jibu alilolihitaji yule mama lilikuwa nyumba chache tu kutoka kwake miaka yote ile, na limefika yeye akiwa chini ya udongo.