Ana Wajukuu Wanne, Kazini Anaitwa "Boi"

Saa moja kasoro robo asubuhi, mzee wa miaka hamsini na nne amelala chali chini ya lori, anakaza nati za springi. Juu yake, kwenye usukani, amekaa dereva wa miaka ishirini na sita, macho kwenye simu.

"Boi, twende," anasema dereva.

Mzee anatoka, anajipangusa vumbi, anaondoa gogo lililozuia gurudumu na kupanda upande wa pili. Anataka ieleweke kwamba miaka thelathini na moja ya kuitikia jina hilo haijamzoesha. "Nimenyamaza tu," anasema.

Yeye ni taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Ndiye anayefunga turubai, anayebadili matairi, anayelinda mzigo gari likiharibika njiani. Hapa karakana kila mtu anaamini jina hilo linatokana na tani, kwa sababu lori lao hubeba tani ishirini na nane. Hata yeye aliamini hivyo, tena kwa fahari kidogo, mpaka mwaka jana bintiye, mwalimu wa Kiingereza, alipomfungua macho.

Ni maneno mawili, binti alimweleza: "turn", yaani kuzungusha, na "boy", mtoto wa kiume. Malori ya zamani yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini. Bosi hakutaka kujichafua mikono, basi mtu mzima na ndevu zake akasimamishwa pale, akaitwa mtoto.

"Siku hizi gari linawaka kwa ufunguo," anasema mzee. "Hendeli walishaitupa. Hilo boi ndilo wameniachia mimi."

Lingekuwa jina tu, angelimeza. Lakini mwezi uliopita dereva alizidiwa na homa katikati ya safari. Mzee, mwenye leseni ya magari makubwa kwa mwaka wa tisa sasa, alishika usukani, akamfikisha mgonjwa hospitali na mzigo ghalani, bila mkwaruzo. Asante yake ilikuwa barua ya onyo.

Msimamizi wa karakana alipoulizwa sababu, alijibu bila haya kwamba daftari la ajira linasema taniboi, na taniboi haendeshi. Leseni hakutaka hata kuiona. Yaani mtu anafungiwa mlango kwa neno ambalo mfungaji mwenyewe hajui maana yake! Inatia hasira.

Dereva naye anakiri kuwa bila mzee huyu angekuwa marehemu. Bado anamwita boi.

Jumatatu kuna majaribio ya madereva wapya. Mzee ameshaambiwa asijisumbue, na kwamba akileta ubishi atapata barua ya mwisho. Atakwenda.

"Nikipewa lori, nitapangiwa msaidizi," anasema. "Kabla sijawasha gari nitamuuliza anaitwa nani. Mimi hawajaniuliza mpaka leo."